Ukiitwa Kwenye Mizabibu

Chisalwe, Dodoma
Agosti 9, 2025

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zote, zingine umpe Selpha kwa kazi ya kukusomea. Mwambie asiruke mahali nimekusifu. Macho yanaendeleaje?

Mimi ni mzima, ni jua tu linanichoma. Kijiji chote ni mizabibu, na kimetulia mpaka unasikia zabibu ikianguka kwa ndoo. Simu haishiki, kwa hivyo barua nampatia Kyule, dereva wa lori la zabibu, ambaye hupita hapo kwetu Kitengela akienda Nairobi.

Wakati wa mavuno watu hapa hawaitani majina shambani. Ukimtaka mtu, unagonga ndoo. Mama anayenilaza kwake, hata jina lake sijui. Nilipouliza, alisema ukiitwa na uitike, sauti yako inachukuliwa, halafu inajifunza njia ya kwenu. Mwaitu, nilicheka mpaka akanuna.

Mavuno yakiisha nitarudi nikupeleke operesheni ya macho, halafu tupande mizabibu yetu pale Isinya. Kupandikiza nimeshajua.

Binti yako,
Nthambi


Kitengela
Agosti 17, 2025

Kwa binti yangu Kathambi,

Natumaini hii itakukuta ukiwa na afya. Huku tuko salama. Vumbi ni ile ile, na maji ya kuletwa na punda inakuja siku ikipenda. Selpha ndiye anaandika, na ameapa hakuruka kitu. Resian wa maziwa anakusalimia, anasema hakuna mtu siku hizi wa kumjibu "Iko" hata kabla hajamaliza salamu yake ya Kimaasai, "Takwenya".

Macho yamezidi. Mtu akisimama mlangoni naona kivuli, sijui ni mtu ama ni nguo kwa kamba. Watu nawajua kwa sauti tu. Kwa hivyo hiyo operesheni usiisahau, naingoja sana.

Lakini kucheka umekosea. Ukienda kwa wenyewe, fuata yao. Hata nyanya yako alitukataza kuitikia sauti ambayo hujaona mwenyewe. Ukisikia jina lako, gonga ndoo uendelee na kazi. Wewe ndiye niko naye peke yako.

Mimi mamako,
Phylis


Chisalwe
Agosti 26, 2025

Mwaitu,

Nisamehe leo sikuulizi hali. Nimeitika.

Ilikuwa mchana, jua limesimama kichwani. Nikasikia nyuma ya mizabibu: "Kathambi." Ni wewe peke yako huniita hivyo. Ilikuwa sauti yako kabisa, hata kale kakikohozi kako kalitangulia. Nilikuwa nimekukumbuka sana. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikasema "Mwaitu."

Hakukuwa na mtu. Wanawake wote walikuwa wameacha kukata, wananiangalia. Mama mwenye nyumba alininyang'anya ndoo akamwaga zabibu zote chini.

Tangu hapo sauti yangu haitoki. Nikitaka kuongea natoa pumzi tu. Mwaitu, ninaogopa, na ninaogopa kwa ajili yako. Nikija nitagonga geti kwa jiwe, sitaita. Mtu akikuita kwa sauti yangu, usiitike na usifungue. Nimemwambia Kyule kwa maandishi asiondoke hapo bila majibu yako.

Binti yako,
Nthambi


Kitengela
Septemba 2, 2025

Kwa Kathambi, ama yeyote atakayefungua hii,

Sijui hata nianzie wapi salamu. Kyule ameleta barua yako na bado amesimama kwa geti, anaapa alikuacha Dodoma ukiwa bubu, na haondoki bila majibu. Nimemwambia ulifika Jumapili. Uliita "Mwaitu" mara moja tu pale nje, na kabla sijasimama nilikuwa nimeitika. Furaha ilinishinda.

Selpha ameenda mazishi Machakos, kwa hivyo barua umenisomea wewe mwenyewe. Umesema ni salamu tu, na kwamba mavuno yalikuwa mazuri. Haya. Lakini ilikuwa ndefu, na wewe umeisoma kwa maneno machache.

Resian alipoleta maziwa alikusalimia "Takwenya." Hukumjibu "Iko." Aliweka mtungi chini akaenda, na tangu hiyo siku hajarudi. Kula huli. Mkono bado hujanipa niushike, unasema umechoka na safari. Nikikohoa usiku, nasikia kikohozi changu kikijibiwa kutoka chumba chako. Nimeogopa kidogo, siwezi kukudanganya.

Leo nimekukumbusha operesheni. Umesema tuiache, macho haina haraka.

Hata hii barua ni wewe unaniandikia, mimi nasema tu. Ndipo nimekuuliza: kama wewe uko hapa na mimi, huko nani ataisoma? Umesema nisihangaike, huko hakuna mtu tena.

Mimi mamako,
Phylis