Jina Alilopewa Zuwena

Kiponda, Unguja Mjini

Kaka yangu Abdalla,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Vipi goti lako? Uliniambia sasa unasali umekaa kitini, na tangu siku hiyo kila nikirukuu nakukumbuka. Wifi yangu presha imeshuka? Na mvua huko Wete, imeitosha mihogo? Sisi huku tu wazima wa miili, alhamdulillah. Nimeandika wa miili kwa makusudi, mbele utafahamu.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Simu hatusikilizani, sikio lako unalijua, nami chumba changu na ukumbi vimeachana kwa pazia tu. Nikipaza sauti Zuwena atasikia, na haya sitaki ayasikie. Kaa uyasome peke yako.

Mdogo wetu niko naye hapa kwangu tangu alipotoka eda. Nasema alipotoka, lakini khasa hakutoka. Wewe ulikuja maziko ya mumewe, Makame, ukamwacha analia kama wajane wote. Kisha akakaa eda yake ya miezi minne na siku kumi kule kwake Mwanakwerekwe. Hatoki, hajipambi, hasemi sana, hali vizuri. Nani angeshtuka? Mjane ndivyo akaavyo. Tukimuona kakonda tunasema ni eda, itakwisha. Watu wakamsifu kabisa: "Huyu kamkalia mumewe eda ya kweli, si hawa wa siku hizi na simu zao mkononi."

Siku ya kumtoa tukaenda wanawake na nguo mpya, sabuni na udi. Bi Time, jirani yangu yule mwenye mdomo, akasimama mlangoni: "Haya bibi eda, toka tukuoshe! Ama unangoja posa ije kwanza?" Wenzake wakacheka. Zuwena kajikunyata na nguo zake nyeupe, akasema taratibu, "Mnantoa nende wapi? Makame yumo humu. Alfajiri namsikia akikohoa." Udi ukawaka bure. Hakuna aliyemgusa hata mtandio.

Hapo yakaanza maneno. Huyu anasema shetani, yule husuda, na mmoja akasema imani yake ndogo, mwenye imani halii maiti kiasi hicho. Hilo liliniuma, kaka. Zuwena alikuwa hakosi sala hata siku ambazo kijiko kilimshinda. Tukamwita sheikh akamsomea, nami dua naiamini mpaka kesho. Lakini sheikh mwenyewe ndiye aliyesema, "Bi Zuhura, mimi nitaendelea kumuombea. Nyinyi mpelekeni hospitali."

Shemeji Haji, kaka wa marehemu, akaja na gari yake kutoka Kiwengwa kutuchukua. Nikamshukuru. Tukaingia kwa daktari sote watatu, wala hakuna aliyesema huyu atoke. Daktari kijana, mpole, lakini foleni imefika nje na macho yake yako mlangoni. Akamuuliza, unalala? Unakula? Unasikia sauti za watu wasiokuwepo? Zuwena hajui uongo. "Ndiyo," akasema, "namsikia mume wangu." Pale pale tukapewa jina: skizofrenia. Haji akauliza maana, akaelezwa mbele ya mgonjwa, kwamba ni ugonjwa mkubwa wa akili na huenda akawa nao maisha.

Nakwambia kweli, siku ile nilipumua. Lile jina liliwanyamazisha watu wa shetani na watu wa imani ndogo. Kumbe ni maradhi kama sukari, yana dawa. Akameza, akalala. Akaanza kuoga mwenyewe. Siku moja akaomba pweza! Nikasema Mungu katufungulia.

Lakini usingizi ukapita kiasi, mdomo unamkauka, mikono inatetemeka. Tuliporudi hospitali tukamkuta daktari mwingine, mama mtu mzima. Huyu alitutoa sote, hata mimi, wakakaa muda wawili wao. Kisha akamuomba Zuwena ruhusa ndipo akaniita. "Mdogo wako ana sonona, huzuni iliyogeuka maradhi, na ni kali," akasema. "Kumsikia marehemu akikohoa huwapata wafiwa wengi. Hilo peke yake si ule ugonjwa tulioandika. Tunambadilishia dawa."

"Na lile jina la mwanzo?" nikamuuliza.

"Limefutwa."

Hospitalini limefutwa, kaka. Kiwengwa nani atalifuta?

Maana Haji alishafika nalo. Simsemi kwa ubaya. Mama yake alimuuliza mkwe wake anaumwa nini, naye akajibu alivyosikia. Yule bibi akaja akamchukua Nasra, mtoto pekee aliyeachiwa Zuwena, akasema ampumzishe likizo. Shule zimefunguliwa na mtoto hajarudi. Nilimpigia Haji. "Shemeji," akasema, "sina chuki na mtu. Lakini mwana wa ndugu yangu yule. Nimwache na mtu asikiaye maiti?" Nikamweleza kuwa daktari kabadilisha. Akasema, "Madaktari gani hawa, leo hili kesho lile? Basi mie nashika lile kubwa, ndilo la salama."

Sasa shauri liko kwa Kadhi. Sharia unaijua: mama ana haki ya kulea mwanawe, ila awe na akili timamu. Yote yamesimama hapo. Yule mama daktari amekubali kuja kueleza, na Zuwena ameridhia yasemwe. Lakini Haji atakuja na wazee wa kwao, na upande wetu baba hayupo, mtoto wa kiume ni wewe tu.

Hali yake mwenyewe ndiyo inayonikata. Dawa mpya zimemkubali, anapika, anafagia. Lakini anajichunga kama mtu anayeviziwa. Juzi Bi Time kamchekesha, akajiziba mdomo, kisha akaniuliza, "Dada, hichi kicheko changu mie, ama cha maradhi?" Kwenye sala akitokwa na machozi anayafuta upesi. Makame hamtaji tena. Nilimuuliza kama bado anamsikia alfajiri, akasema hapana. Sijui kapona, ama kajifunza kunyamaza.

Jana alijitanda buibui akakaa mkekani mbele yangu. "Dada, jifanye Kadhi." Nikamuuliza, "Bi Zuwena, mwanao yuko wapi?" Akaanza, "Nasra yuko Kiwengwa..." sauti ikakatika. Akasema tuanze tena. Tukaanza tena, akakatika pale pale, penye jina la mtoto. "Nfundishe nisilie," akanambia. "Wakiniona nalia watasema si nliwaambia." Kaka, mama aliyenyang'anywa mwanawe asipolia, huyo ndiye mzima? Nilimshika mikono, na Ukadhi ukanishinda.

Njoo. Hutakiwi ujue majina ya maradhi. Useme tu ulivyomjua tangu anatambaa, na kwamba mtoto atalelewa na mama yake katika nyumba ambayo na mimi nimo. Kadhi ametuita mwezi ukiandama, na Zuwena hajui kama nimekuandikia. Anaona haya usije ukamtazama kwa jicho jingine.

Nisalimie wifi yangu, na mjomba Suleiman muadhini, na binamu Khadija mshona nguo. Mama mdogo Bi Mkasi mwambie azidishe dua, na akimuombea Zuwena amtaje tu Zuwena, asiulize anaumwa nini.

Tafadhali nijibu upesi, unambie unakuja siku gani.

Ndugu yako,
Zuhura