Mkono wa Mzee Ambao Sikuushika

Mbugani, Kyela
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu, shikamoo.

Kabla sijauliza habari za mguu wako, niruhusu nianze na sauti moja ambayo haijanitoka masikioni: brashi ya waya ikisugua chuma chenye kutu. Kwaru, kwaru, kwaru. Inatulia kidogo, inaanza tena. Niliisikia kule Ipyana, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko nachambua mchele, uwanja nimeupa mgongo kwa sababu sikuruhusiwa kumtazama aliyekuwa akisugua. Nisipoanza nayo, barua hii itanishinda.

Sasa niambie, mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika? Na alizeti je, zimepata mvua huko Kiomboi, au mnaangalia mawingu yakipita tu? Hapa mvua haiulizwi. Inanyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini. Mwili wangu ni mzima. Nafundisha, narudi chumbani, nakula nikikumbuka.

Najua baba mdogo wa Gwamaka alikupigia simu kukwambia kwamba binti yako ameondoka kwa watu bila kumpa mkono baba mkwe wake, mzee mzima aliyesimama uwanjani na koti lake la kanisani akimsubiri. Ukanipigia ukaniuliza kwa ile sauti yako ya chini, "Debora, mimi nilikulea hivyo?" Ni kweli, Mama. Alisimama kunisubiri na sikumpa mkono. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Utakumbuka siku ya harusi ulivyoshangaa kwamba baba mkwe wangu alikaa nyuma kabisa kanisani, akatoka kabla yetu. Ulidhani hanipendi. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani uso. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawapandi gari moja. Ukimwona anakuja, unaacha njia na kujifunika. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Hii haikulegeza. Mzee alikuwa akifika kwenye migomba yetu anakohoa mara mbili, ili nipate muda wa kujificha. Miaka mitatu nimemjua kwa kikohozi hicho na kwa alama za mabuti yake kwenye tope.

Sasa habari ya gari. Mwaka jana mume wangu Gwamaka alirudi kutoka Mbeya na vipande vinne vizito vya aluminiamu, vya mviringo kama sahani, vyenye matundu ya bolti. Wanaviita spesa. Vinakaa kati ya gari na rimu, vinayasukuma matairi nje, gari linaonekana pana.

"Litachanua miguu, Mwalimu," aliniambia. "Litasimama kama dume la nyati."

Lilisimama hivyo kweli. Lakini tangu siku ile, tukifika mwendo wa sabini kwenye lami usukani ulitetemeka mpaka saa yangu ikacheza mkononi. Nikimwambia anacheka. "Unashika usukani kama umeshika nyoka. Legeza mikono." Akishika yeye anasema hasikii kitu. Nilikwenda gereji hapa mjini, wakasawazisha uzito wa magurudumu mara mbili. Mtetemo uko palepale. Fundi akaniambia mbele ya wenzake, "Madam, hiyo ni barabara, siyo gari. Mwalimu wa fizikia anaogopa usukani! Wanafunzi wako wanajua?" Wakacheka wote. Nikaanza kuamini kwamba mtetemo uko ndani yangu. Nayasema haya, Mama, ili ujue kwamba Gwamaka hakunidanganya katika jambo moja tu; hata mikono yangu mwenyewe alinifanya nisiiamini.

Halafu akavuka mpaka kwenda Karonga, Malawi, wiki mbili za biashara ya vitenge. Wiki mbili zikawa miezi minne. Simu zikawa fupi, kisha zikawa ujumbe, kisha ujumbe ukawa "niko bize". Mimi nikaendelea kuosha gari kila Jumamosi.

Siku moja natoka shuleni, mvua imeshuka ya kufunika macho, nikamwona mzee mbele yangu barabarani. Nilimjua kwa mabuti. Hakuwa na mwavuli. Alipolisikia gari akageuka, akaigeuzia uso mikakao ya kando ya barabara, akasimama hivyo mgongo wote unachuruzika, ili nipite bila kumwona. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, Mama. Kikavu. Nikapunguza mwendo nisimrushie tope, nikampita. Nililia mpaka nyumbani.

Jioni mama mkwe akaja na ndizi. Akasema, "Mzee anasema gari lako linaumwa."

"Amelionaje?"

"Hakuliona. Ulimpita kwenye mvua, akalisikia. Anasema gurudumu la mbele linatembea kama mtu aliyevaa kiatu kisicho chake." Kisha akacheka. "Na anasema usimpunguzie mwendo tena. Mvua haijawahi kumuua dereva."

Aliendesha malori ya mpunga nusu ya maisha yake na kuyatengeneza mwenyewe. Mimi sikuwa najua hata hilo. Kwamba hakuwahi kupanda gari letu nilijua.

Jumamosi akaja. Akakohoa mara mbili, nikakimbilia nyuma ya jiko na ungo wangu. Nikasikia jeki, nati, gurudumu likilazwa chini. Na kwa kuwa hawezi kusema nami, alisema na gari, kwa sauti kubwa ya mtu anayehubiri.

"Wewe gari! Aliyekufunga hizi nati alikuwa na haraka ya kwenda kula. Amezifunga kwa kuzunguka kama anacheza ngoma. Nati hufungwa kwa kuvuka. Ya juu, kisha ya chini. Ya kushoto, kisha ya kulia."

"Gari limesikia," mama mkwe alijibu, akikaribia kuvunjika mbavu kwa kicheko.

"Na hii kutu? Spesa imekalia kutu, itakaaje sawa? Halafu tundu lake la katikati ni pana kuliko kitovu cha gari. Gurudumu linaning'inia kwenye bolti tu. Hata likisawazishwa mara mia huko gereji! Kule wanalipima limevuliwa. Ugonjwa umebaki huku."

Mimi na shahada yangu nilikaa na mchele mapajani, nikaona kila kitu. Gurudumu lilikuwa likizunguka nje ya kitovu kwa unene wa ukucha, na unene wa ukucha unatosha. Nikaitazama mikono yangu. Haikuwa imenidanganya.

Mama mkwe akazunguka kuja kwangu. "Mzee anauliza, azitoe hizi spesa? Zikitoka, mtetemo umekwisha leo hii."

Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti ili asikie mwenyewe, "Gwamaka ndiye aliyeziweka. Akirudi alikute gari lake kama alivyoliacha."

Nikasikia spana ikiwekwa chini. Nilidhani amekasirika kwa kukataliwa na mtoto wa kike. Halafu ndipo brashi ikaanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Alisugua vitovu vyote vinne, hakusema tena na gari mchana ule.

Alipima kila tundu, akaenda mjini kwa mchonga vyuma, akachongesha bangili nne nyembamba za kujaza ile nafasi kati ya kitovu na spesa. Za kwanza zililegea, akazirudisha. Alikwenda mara tatu kwa miguu. Alipozifunga, zikaingia kimya kama kifuniko cha chungu. Gari likapewa agizo la mwisho: "Ukimaliza kilomita hamsini, simama, nati zikazwe tena. Chuma nacho huzoea polepole."

Nililipeleka njia ya Tukuyu. Sabini. Themanini. Usukani umetulia kama meza. Nikasimama pembeni kwenye mashamba ya chai, nikamwandikia Gwamaka: "Gari limepona. Njoo." Hakujibu.

Wiki tatu baadaye mama mkwe alikuja bila ndizi, akakaa chini sakafuni, akaniambia. Gwamaka ana mke Karonga. Ana mtoto anayetembea. Alimpigia baba yake zamani akamwambia wasimsubiri.

"Zamani lini?" niliuliza.

"Kabla ya ile mvua."

Basi alijua, Mama. Siku ya brashi alijua. Nilipopaza sauti yangu ya kijinga kuhusu mtu atakayerudi, yeye ndiye aliyekuwa na jibu, na mila ilimfunga mdomo.

Nikamlilia mama mkwe, "Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Nilikuogopa, mwanangu. Mzee alisema, kama hatuna ujasiri wa kumwambia, basi tumtengenezee gari. Angalau hilo lisimuumize."

Sijalia kwa ajili ya Gwamaka kama nilivyolia kwa ajili ya maneno hayo.

Kikao cha wazee wa ukoo kuhusu ndoa yetu kikakaa Jumamosi ya wiki iliyopita. Asubuhi yake, kabla wazee hawajafika, nilipiga jeki mwenyewe nikazitoa spesa zote nne, nikafunga magurudumu kwa kuvuka kama nilivyosikia. Spesa niliziacha mlangoni, ni za Gwamaka. Bangili nimezichukua, ziko hapa mezani ninapoandika.

Baba mdogo ndiye aliyetoa neno. "Kosa ni la kwetu, ng'ombe wabaki kwenu, na gari lako uende nalo. Kuanzia leo wewe si mkwe wa mji huu, na mwiko umekwisha. Mzee yuko nje, anataka kukuaga uso kwa uso. Nenda kampe mkono." Alisema kwa upole. Alidhani ananipa zawadi.

Mama, hapa mkono unaanza kuwa mzito, kwa hiyo nitoe salamu kwanza. Nisalimie kaka Elia, mwambie ile redio yake nitaiangalia likizo, asiifungue. Shangazi Naomi anayekamua alizeti, mwambie mafuta yake yamebaki kidole kimoja na ninayala kwa kuyabania. Bibi mmwambie tu kwamba ninaendelea vizuri, hayo mengine msimsomee. Mchungaji wetu akiuliza, mwambie aniombee. Nimepanga chumba hapa Mbugani, karibu na sokoni, na shule ikifungwa nitakuja, nitalala kitanda kimoja na wewe.

Sasa nimalizie ninachokikwepa.

Nyumba ile tulimokaa kikao ina milango miwili. Wa mbele unatoka uwanjani, na kwa kivuli chake sakafuni nilijua alipokuwa amesimama. Miaka mitatu nimetamani kuujua uso wa mtu yule. Ana macho ya Gwamaka? Anatabasamu upande? Hatua sita tu. Lakini ningetoka kwa mlango ule, Mama, ningemwona mzee wa Ipyana akimuaga mwalimu wa kutoka Singida. Baba mkwe wangu nisingemwona kamwe, kwa kuwa siku niliyoruhusiwa kumtazama ndiyo siku niliyoacha kuwa wake. Gwamaka aliuvunja upande wake wa nyumba. Upande huu mwingine, mimi na mzee tulikuwa hatujavunja kitu.

Nikajifunika kanga mpaka machoni. Nikatoka kwa mlango wa jiko, nikazunguka kwenye migomba, mbio mbio, kama mkwe. Baba mdogo akapaza sauti, "Mwalimu! Siyo huko, uko huru!" Nikaingia kwenye gari, nikaupa uwanja mgongo.

Ndipo nikamsikia mzee. Alikohoa mara mbili, kisha mabuti yakasogea polepole kuondoka, kunipa nafasi ya kupita.

Alhamisi nikitoka shuleni zilitimia kilomita hamsini tangu niyafunge magurudumu mwenyewe. Nilisimama pale pale barabarani, nikashuka na spana, nikazikaza nati zote. Ya juu, kisha ya chini. Ya kushoto, kisha ya kulia.

Mwanao,
Debora