Milamula ya Bethlehemu

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Joanitha karudi kutoka shuleni anakimbia, kiatu kimoja mkononi. Kachaguliwa kuwa Maria! Ijumaa wanafunga shule, na darasa la pili ndilo litakaloonyesha igizo la Noeli. Nimemkumbatia na tope lake lote. Halafu nikauliza, Yosefu ni nani?

Winston wa Sperancia.

Lo! Watoto wote wa Ihanda, mwalimu kaona huyo tu. Nolasco kacheka mpaka chai ikampalia. Anasema basi tumekuwa wakwe na jirani, tuandae pombe. Mume huyu hajui kununa, ndiyo shida yake.

Mimi na Sperancia hatujasalimiana tangu Pasaka. Mlamula mmoja, mmea wetu wa kuonyesha mpaka, ulikauka, akapanda mwingine. Mimi nasema kaupanda ndani ya kibanja chetu, migomba yangu miwili ikabaki kwake. Yeye anasema ni palepale pa zamani. Jumatatu ijayo wazee wa baraza la kata wanakuja kukagua. Waje tu. Milamula ipo, wataona wenyewe mstari ulivyopinda.

Jumanne, 2 Desemba

Watoto wamefanya mazoezi mpakani, kila mmoja upande wake. Nilikuwa nje namenya ndizi. Winston anasema, "Mke wangu, twende Bethlehemu." Joanitha anajibu, "Ngoja nimuage mama." Nikapaza sauti: maneno hayo hayamo! Kumbe na Sperancia kule kwake kapaza hayohayo, wakati uleule. Nikainamia ndizi zangu.

Baadaye nikamsikia anamfundisha Joanitha kutembea kama mjamzito — polepole, mkono kiunoni. Si angeniachia mimi niliyemzaa? Lakini kafundisha vizuri, lazima niseme.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua kutwa. Mwalimu anataka Maria avae bluu. Nguo ya bluu ninayo moja tu: kile kitenge cha sare tulichonunua na Sperancia kule Kayanga, harusi ya mdogo wake. Kilikuwa chini kabisa ya sanduku. Nimekinusa. Nimemmisi, basi. Nolasco nisimwambie, atacheka tena.

Alhamisi, 4 Desemba

Jamani! Milamula haipo!

Mchana nimeenda kukata mkungu, nakuta mpaka mtupu. Kuanzia barabarani hadi kwenye mparachichi — mashimo tu, na nyayo, na maji ya mvua yametuama. Nikasema huyu mwanamke kafuta ushahidi! Kuinua macho, huyo hapo upande wa pili, kashika kiuno.

"Mama Joanitha, umefanya nini?"

"Mimi?! Wewe je?"

Maneno yetu ya kwanza tangu Pasaka. Tukafokeana vilivyo. Kawataja hadi wakwe zangu, nami sikubaki nyuma.

Tukiwa hapo watoto wakarudi kutoka shule, Yosefu na Maria wake, sare zao zina tope mpaka kwenye viwiko. Tukawauliza kwa pamoja. Joanitha kajibu bila hata kuogopa: wametoka nyumbani mapema, wamepeleka majani ya kupamba zizi la Bethlehemu. Mwalimu alisema yawe yasiyonyauka hadi Ijumaa. Ya mgomba yananyauka. Ya mlamula hayanyauki. Winston kaongeza: udongo ulikuwa laini, iling'oka vizuri sana, na mizizi yake yote.

Sperancia akafunika mdomo kwa kanga. Namjua. Akifanya hivyo kicheko kinamjia. Nikageuka haraka nikaondoka, maana na mimi kilikuwa kinanijia na hasira yangu sijaimaliza.

Sasa hasira imeisha, imebaki hofu. Wazee watakagua nini? Kila mmoja atasema lake, nasi tutanuniana mpaka tuzikwe.

Ijumaa, 5 Desemba

Tumekalishwa benchi moja la mbele, wazazi wa Maria na wa Yosefu. Katikati yetu Nolasco, kajitanua, kafurahi kama bwana harusi.

Pazia likavutwa. Zizi lote ni milamula yetu! Imesimama mstari kwenye ndoo za mchanga, kijani inang'aa. Joanitha kaingia na kitenge changu. Winston kaingia na joho la Yosefu — kitenge kilekile! Cha mama yake. Nyuma nikasikia mtu anasifu, angalia walivyopanga sare. Hatukupanga. Nilimtupia Sperancia jicho, na yeye alikuwa ananitazama.

Joanitha kauliza kama alivyofundishwa: Yosefu, hapa ni wapi? Winston alitakiwa ajibu, ni zizi la ng'ombe. Kasahau. Katazama kulia, katazama kushoto, kaitazama ile milamula.

"Ni mpakani."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko! Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kesi yetu anaijua mwanzo hadi mwisho, alitoa leso akafuta macho. Mwalimu Yustus ni mtu wa Singida, hajui kitu, akasimama kuzishukuru familia zetu kwa maua mazuri. Wakacheka upya. Nilitamani nijifiche chini ya benchi.

Wakati wa pilau Sperancia alinipitishia sahani. Nikasema asante. Akasema, "Waitu, ndugu yangu, kula, inapoa." Ni hayo tu, ila pilau sikuisikia ladha.

Jumamosi, 6 Desemba

Bodaboda kaleta milamula asubuhi, kaifunga nyuma kama kuni. Haijanyauka hata mmoja. Mvua imekatika.

Sperancia yuko nje na jembe. Mimi niko mlangoni, daftari mkononi, namtazama. Watoto wamemshikia miche. Nolasco kajificha chooni, anasema mambo ya wakwe hayaingilii.

Mche wa kwanza kaupanda, kaushindilia kwa mguu. Lakini — ameuweka wapi! Ndani kwake! Mbali kuliko nilivyodai hata siku niliyokuwa na hasira kuliko zote. Migomba yangu miwili imerudi, na mitatu yake imekuja nayo.

Winston anamuuliza, wa pili tuuweke wapi? Anamjibu, "Muulize mama mkwe wako." Anatazama huku. Ameegemea jembe, ananingoja.

Ningenyamaza tu hapa mlangoni, mstari ungefuata huohuo na wazee wangeukuta Jumatatu.

Viatu vyangu viko wapi? Huo mche lazima niung'oe, niurudishe palepale pa zamani kabla haujashika —