Mkwaruzo wa Bisibisi

Sekei, Jumapili

Kaka Oscar,

Hamjambo huko Olmotonyi? Shangazi amepona kikohozi? Sisi wazima.

Siku ile Baba alikupa wewe rula ya chuma upime uso wa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akasema, "Huyu mkono wake umetulia kuliko wa Silantoi." Kaka, niliumia. Mlipoenda kunywa chai niliukwaruza uso ule kwa bisibisi, kutoka tundu la maji hadi ukingo wa silinda. Gasketi mpya, ile ya kuziba katikati, inataka uso laini, kwa hiyo haikuziba. Maji yakaingia kwenye injini, Baba akadhani ni kazi yako mbaya, akakufukuza gereji.

Kumwambia Baba kwa mdomo nilishindwa, nikampa barua hii aisome kwanza. Alipomaliza aliifuta ile rula, akaifunga kwenye gazeti, akasema nikutumie. Ipokee pamoja na barua.

Mdogo wako,
Silantoi