Nachota Maji ya Samaki kwa Siri, Mume Wangu Anayajaza

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kwa haraka, maana wenzangu wakisema maji yamewafika shingoni ni maneno tu, ila mimi maji yangu yako sebuleni, kwenye tanki la kioo, juu ya stendi ya mbao inayoinama, na mbele yake ndipo mwanangu anapotandika mkeka.

Mume wangu ni seremala. Tangu msumeno wa umeme umkate vidole vitatu vya mkono wa kulia hajarudi karakana, alikuwa analala akitazama ukuta, hali chakula mpaka nimbembeleze, mtu akibisha hodi anajifunika shuka, basi dada yangu alipohama akamwachia binti yetu tanki lake la samaki, na binti akamuuliza baba yake, "Baba, mbona samaki wangu wanakaa sakafuni kama viatu?" na mshauri, yule mwanamume akaamka. Akaomba mbao. Niliposikia randa inalia uani nilijifungia jikoni nikalia kwa furaha.

Stendi ikatoka inang'aa kwa vanishi, lakini mimi nimeishi na seremala, nikaona jambo lililonikata maini. Zamani kila mguu aliuchonga kwa patasi ili ubao wa juu ukae juu ya mguu wenyewe, na akiona kazi ya mwingine iliyoning'inizwa kwa skrubu alicheka, "Skrubu ni ya kushikia, si ya kubebea." Sasa patasi haikamatiki kwa vidole viwili, kwa hiyo safari hii kila kitu kinaning'inia kwenye skrubu, na maji si mzigo wa mchezo. Haukupita muda nikaona mstari wa maji umepanda kwenye kioo upande wa kushoto, umeshuka wa kulia. Wenzake wa karakana walikuja kumjulia hali, wakaitazama ile stendi, mmoja akasema, "Kazi safi, Fundi," halafu akaanza kuulizia habari za mvua. Wakaondoka hata chai hawajamaliza.

Nimeshindwa kumwambia. Nimwambieje, na ndiyo kazi pekee iliyomtoa kitandani? Nimekunja maboksi nikayasukumiza chini ya mguu wa kushoto, na kila asubuhi binti akishakwenda shule na mume wangu akiingia kuoga, nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga ili tanki lipungue uzito, naye akitoka analijaza tena, anasema, "Samaki hawa wanakunywa kama ng'ombe!" Mimi nachota, yeye anajaza, nimechoka kama mtu anayetwanga maji kwenye kinu.

Na yeye hatoki. Kiti chake kakiweka palepale upande wa kushoto, bega kaliegemeza kwenye stendi, kutwa nzima anatazama samaki. Nikimwambia akanyooshe miguu nje anakataa, hata kuoga haendi mpaka binti aondoke. Juzi aliuhamishia mkeka wa binti mlangoni, ati anamzibia mwanga, mtoto akalia mpaka akaurudisha. Naogopa akili nayo inamtoka. Nikisema ukweli namuua mume, nikinyamaza namuua mtoto. Sina pa kushika, mshauri.

Mimi, Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika. Maboksi? Mke wa seremala mzima, unaweka maboksi chini ya tanki linaloweza kumwangukia mtoto? Hiyo si huruma tena, ni hatari.

Halafu kuna jambo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuliona. Mtu aliyepima milango kwa jicho tupu maisha yake yote, leo akae mbele ya tanki kutwa nzima asiuone mstari wa maji? Haogi mpaka mtoto aondoke. Mkeka aliupeleka mlangoni. Kiti amekiweka upande uleule unaoinama, na bega hapohapo. Mama, huyo hatazami samaki. Huyo anaizuia stendi isianguke. Na maji anayajaza ili wewe usijue kwamba anajua.

Kwa hiyo mnafichana kitu ambacho nyote mnakiona, na mtoto yuko katikati.

Leo hii, kabla binti hajarudi, tafuta ndoo, watie samaki humo pamoja na maji yao, kisha toa maji yote yaliyobaki, tena kwa mpira wa maji, achana na kikombe. Tanki likishakuwa tupu mlishushe sakafuni. Usiombe ruhusa, wala usianze hotuba. Mwambie tu, "Fundi, stendi nimeiona, na najua umeiona. Tulishushe tanki." Atakufokea au atalia. Mwache.

Sitakudanganya. Vidole havioti tena, na huenda patasi asiishike mpaka kufa kwake. Hilo ni msiba, na msiba haupakwi vanishi ukapona. Lakini kichwa chake bado kinajua mbao zinavyobebana, na wewe una vidole kumi. Siku akitaka, yeye aelekeze, wewe uchonge, ubao ukae juu ya mguu na skrubu ishikie tu. Asipotaka, samaki watakaa sakafuni kama viatu, na hakuna samaki aliyekufa kwa aibu.

Hayo ni ya baadaye. Leo ni maji tu. Yatoe mpaka tone la mwisho, halafu umfuate pale kitini umwambie sasa anaweza kuondoa bega.