Kwa Jeni, Mimi Nilikuwa Sikio

Alhamisi. Asubuhi mvua, mchana jua la kuchoma, na sasa upepo wa ziwa unafika mpaka huku juu Mbugangari. Mgongo unauma. Leo tumepandisha mawe ghorofani, yale meusi ya volkeno ambayo watu wa hapa hujengea kila kitu, na kila jiwe lina makali yake.

Lakini sikufungua simu ili niandike habari za mgongo. Nataka kuandika habari za mke wangu.

Nilipoondoka Kasulu kuja Gisenyi kutafuta kibarua, binti yetu Jeni alikuwa bado hajaweza kukaa. Sasa anakimbia. Ya katikati yote, kutambaa, kusimama, kuanguka, nimeyaona kwenye kioo cha simu, au sikuyaona kabisa kwa sababu bando lilikuwa limeisha.

Nina hofu moja tu. Jengo hili likiisha nitarudi nyumbani, na mtoto atanikimbia.

Hofu hiyo haikuja bure. Bosco, fundi ninayemsaidia, alikulia Kongo, akaja kuoa Kanzenze hapa karibu. Aliwahi kufanya kazi Kigali muda mrefu, na aliporudi nyumbani mwanawe alijificha nyuma ya bibi yake akakataa kutoka mpaka yule mgeni aende zake. Bosco husimulia hayo kama kichekesho. Ila akifika mwisho, huwa anachukua mwiko na kurudi kwenye ukuta.

Ni yeye aliyeligundua kosa langu. Mimi nimezeeka na simu ya vitufe. Simu ni kitu cha sikioni. Basi hata nilipopata hii ya kuonana, nilikuwa nikimwangalia Jeni kidogo, akianza kusema tu, naipeleka sikioni nimsikie vizuri, maana kwenye jengo kelele haziishi. Siku moja Bosco alikuwa amesimama nyuma yangu.

"We Tanzania," akasema, "mutoto iko naona sikio tu. Uso yako iko na kasoro gani?"

Wenzangu walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Nilicheka nao. Baadaye nikamuuliza mke wangu, Mama Jeni, kama ni kweli. Akaniambia alichokuwa ananificha. Kila akimuuliza Jeni baba yuko wapi, Jeni hushika sikio lake mwenyewe.

Kwa mwanangu, mimi nilikuwa sikio.

Ningekuwa mimi ningetafuta wa kulaumu. Mama Jeni alikaa akafikiri. Akaniambia kwamba hata uso nikiuonyesha, ninamsumbua mtoto kwa maswali: hujambo, unanijua, mimi ni nani, sema baba. Akasema hivyo ndivyo askari wanavyouliza.

"Usimhoji, Baba Jeni. Kula naye."

Na hivyo ndivyo tunavyofanya. Kwao ikiwa saa saba, huku ni saa sita, na saa sita ndipo tunapopumzika. Yeye anaegemeza simu kwenye kinu, mimi naiegemeza kwenye jiwe. Tunanawa mikono pamoja. Wao wanakula ugali wa muhogo kwa dagaa. Mimi alinielekeza ninunue kinachofanana, na kwa mama anayetupikia hapa kuna ugali huohuo na sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu. Kwenye kioo huwezi kujua samaki yupi ni wa ziwa lipi.

Jeni akishashiba kidogo hutaka kunilisha. Anafinyanga tonge lake, anaisogelea simu, anasukuma. Mama Jeni amekaa nyuma ya kinu. Tonge likigusa tu ukingo wa simu, analidaka kwa mdomo, na wakati huohuo mimi huku natia langu kinywani, natafuna. Jeni anapiga makofi. Baba amekula.

Hakuna aliyemfundisha mke wangu hilo. Nimebeba mizigo na watu wengi wenye akili, lakini kwa hili nimemvulia kofia.

Leo mtandao ukaniangusha. Jeni aliponyoosha tonge, picha yangu iliganda, mdomo wazi. Mama Jeni alishalidaka. Kwenye kioo chao mimi sikutafuna. Jeni akangoja, kisha akazunguka kinu kwenda kuangalia tonge limekwenda wapi.

Picha iliporudi nikaona mkeka, sahani na inzi. Mtoto hayupo. Huko nyuma alikuwa amemkuta mama yake, mashavu yamejaa.

Wenzangu wakaacha kutafuna. Moyo ukaniambia basi, imekwisha. Sasa anajua huku hakuna mtu.

Nilitegemea Mama Jeni atunge uongo wa haraka, kama ambavyo ningetunga mimi. Hakutunga. Nilimsikia akimeza, kisha akasema taratibu:

"Baba yuko mbali, mwanangu. Mimi namsaidia kula."

Jeni akarudi mbele. Akaniangalia, akaniangalia. Halafu akalaza sikio lake kwenye kioo, simu nzima ikawa sikio dogo lenye hereni ya uzi.

"Ongea na yeye," Bosco akaninong'oneza.

Nikamwambia baba anakuja. Sikupata neno lingine. Sikio halikusogea mpaka nilipomaliza.

Kisha akaketi, akafinyanga tonge jipya. Safari hii hakulileta kwenye simu. Alimpelekea mama yake waziwazi, akamlisha, na papo hapo akageuka kunitazama mimi, kuona kama ninatafuna.

Kwenye sahani yangu ulikuwa umebaki mchuzi tu. Nikatafuna hivyohivyo, kinywa kitupu, mbele ya mafundi wote, na hakuna aliyenicheka.

Jeni akapiga makofi.

Sijui siku nikifika Kasulu na miguu yangu hii yenye vumbi atanipokeaje. Huenda atajificha. Akijificha nitakaa kwenye mkeka, nitanawa, nitangoja tonge, bila kumhoji.

Kwa kesho nimeamua hili moja: nitabakiza tonge la mwisho kwenye sahani.