Sanduku la Mama na Sauti ya Besi

Ilomba, Mbeya
26 Mei 1957

Kwa dada yangu mpendwa Atuganile,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Ilomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Filemoni na watoto, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya Iringa kimekuacha. Sisi tu wazima. Mahindi yanakauka shambani, viazi tumeanza kuchimba. Baba mwili haujambo, ila masikio ndiyo yale yale. Anakusalimu sana, na anakushukuru. Anakushukuru kwa nini, nitakueleza huko mbele, maana hilo ndilo lililonifanya nishindwe kushika kalamu mwezi mzima.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Umeniuliza tena habari za sanduku la marehemu mama, alilokuachia wewe kwa kinywa chake mwenyewe, na sasa unalitaka Julai ili mwanao Esta aingie nalo nyumbani kwa mumewe. Mwezi wa pili nilikujibu kwamba watu wa basi wamelikataa kwa uzito. Dada, hapa naomba usome polepole.

Kazini kwetu kuna Mbena mmoja, Kasian, fundi wa redio. Yeye anatengeneza vyombo, mimi naranda mbao. Mwaka jana alipata spika nzito kutoka kwenye redio mbovu ya Mzungu aliyerudi kwao. Akasema spika ile haiwezi kutoa besi ya kweli, ile inayogonga kifuani, mpaka iwekwe kwenye kasha kubwa kama kabati, na kwamba seremala asijisumbue na vikasha vyake. Alisema mbele ya watu, akicheka. Unanijua nilivyo. Nikamjibu kwamba nitatengeneza kasha la kubebwa kwapani, na besi yake itatikisa vikombe mezani.

Kasha la kwanza nililifanya kwa mbao laini, likavuma ovyo kama debe. La pili gundi iliachia, hewa ikavuja pembeni, besi ikafa. Nikaja kuelewa kwamba kasha dogo halitaki mchezo. Mbao ziwe nzito na zimekauka kabisa, viungo vishikane isipite hata pumzi, ndani lijazwe sufi, kisha mbele litobolewe tundu moja tu la kupumulia. Kipimo cha tundu hilo nilikipata baada ya kuharibu vipande vinne. Mbao ndizo zilizonishinda. Mninga wote wa mjini ulikuwa mbichi, na nyumbani, chini ya dirisha, kulikuwa na mninga uliokauka karibu miaka arobaini.

Nililikata lile sanduku, dada. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kwanza, baba yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nguo za mama nilizikunja nikazitia kwenye gunia safi. Baba alipoona pale dirishani peupe, nilimwonyesha kwa mikono kwamba nimelipeleka kazini kulitia bawaba mpya. Baadaye nikawa najiambia kwamba nimelikata kwa ajili yake, yeye aliyeimba besi kanisani tangu ujana, na sasa mwaka wa pili hasikii hata kengele. Si kweli. Nililikata ili Kasian anyamaze. Na alinyamaza. Vikombe vilitikisika, watu wakawa wanakuja karakana kusikiliza, nami nikavimba kichwa miezi mitatu.

Barua yako ya Pasaka ndiyo iliyonitoa usingizini. Sikuthubutu kukujibu. Nikalibeba lile kasha nyumbani angalau limfae baba, na Kasian, mtu mwema kuliko mimi, akaniazima redio na betri ya gari. Jumapili kwaya ilipoanza redioni nilimketisha baba karibu, nikauweka mkono wake juu ya mbao. Mwanzo alikaa tu. Kisha nikaona kidole chake kinahesabu. Kisha baba akaimba, dada. Aliimba sehemu yake ile ile ya chini, wala hakukosea pa kuingia. Mke wangu Tusekile alitoka nje akilia.

Wimbo ulipokwisha aliendelea kupapasa. Nyuma ya kasha, mahali ambapo sikupapiga randa, kidole chake kikakuta ule msalaba mdogo alioutia kwa msumari wa moto, alipolichonga sanduku kabla ya kumwoa mama. Akanitazama.

“Hili ni la Damari,” akasema. “Atuganile anajua?”

Nikasema ndiyo. Hakusikia. Nikasema tena, akanitegea sikio la kulia. Ikabidi nipaze sauti pale pale sikioni kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde: “Ndiyo, baba, ametoa yeye!” Majirani nao wakasikia. Mara tatu nimesema uongo ule kwa jina lako.

Baba akainamisha kichwa, akasema una moyo wa mama yako. Tangu siku hiyo kila mgeni anaambiwa kwamba binti yake wa Iringa amempa masikio. Mimi huwa natafuta kazi ya kufanya nje.

Sina la kujitetea. Nimebakiwa na kufuli, ufunguo na nusu ya mfuniko. Nitavileta mwenyewe Julai, pamoja na nguo za mama. Esta nitamchongea sanduku jingine la mninga, ingawa najua si lile. Na ukisema baba aambiwe ukweli, nitamwambia, kwa sauti ile ile na majirani wasikie. Naogopa tu kwamba siku hiyo atauondoa mkono wake pale juu ya kasha na asiurudishe tena. Amua wewe, dada. Safari hii sitaamua peke yangu.

Msalimie sana shemeji. Esta usimwambie bado, nitamwambia kwa kinywa changu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Isakwisa

Nilikuwa nafunga bahasha, baba akaja kuuliza kama nimeandika kwamba anashukuru. Nimemwonyesha ule mstari wa juu. Kusoma hajui, lakini ameomba kalamu atie alama yake mwenyewe, usije ukadhani shukrani hizi nimezitunga mimi. Hii hapa:

+